Uliza Sista: Hansen wa kwenye kadi ya babu ni nani?

Mwezi uliopita niligusia ukoma kwa mistari michache, na barua zimemiminika. Nimechagua nne. Nafasi kubwa nampa kijana wa Butula, maana swali lake linanigusa mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Amukura, nimefanya uuguzi wa ngozi upande huu wa Magharibi mpaka nikastaafu, na maneno anayoyasikia kwao nimeyasikia maisha yangu yote.

*Shikamoo Sista. Niko kidato cha nne hapa Butula. Babu mzaa baba alipelekwa hospitali kwa kidonda cha mguu kisichopona, wakamkuta na ukoma. Kwenye kadi yake wameandika "ugonjwa wa Hansen". Sasa kuna maneno. Watu waliokuja kumposa dada yangu wamenyamaza, na tumesikia wanasema ukoo wetu una damu ya ukoma. Huyo Hansen ni nani? Na ni kweli ugonjwa huu uko kwenye damu? — Mjukuu, Butula*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la dada yako, kwa maana ndilo linalouma. Ukoma haumo kwenye damu ya ukoo wenu wala ya ukoo wowote. Unaletwa na kijidudu, bakteria, na aliyekiona kwa mara ya kwanza ni huyohuyo Hansen. Wanaowasema vibaya wanarudia fundisho ambalo yeye alilipinga zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Gerhard Armauer Hansen alizaliwa mwaka 1841 huko Bergen, mji wa bandari magharibi mwa Norwe. Alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi na watano. Baba yao alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika, kwa hiyo kijana alisoma udaktari huku akifanya kazi ili ajilipie masomo. Alihitimu 1866, akaenda kwanza kutibu wavuvi katika visiwa vya Lofoten, kaskazini kwenye baridi kali, kisha mwaka 1868 akarudi Bergen kufanya kazi katika hospitali za ukoma.

Ndiyo, hospitali za ukoma, tena katika nchi ya theluji. Wengi wetu tumekuzwa tukiamini kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika na wa watu wa kwenye Biblia. Enzi hizo Bergen peke yake ilikuwa na hospitali tatu za ukoma, na wagonjwa walikuwa wakulima na wavuvi maskini wa pwani ile. Mwaka 1856 serikali ya Norwe ilianzisha daftari la wagonjwa wote wa ukoma nchini. Daftari hilo ndilo lililokuja kumsaidia Hansen.

Mkuu wake, Daniel Cornelius Danielssen, ndiye aliyekuwa bingwa wa ukoma duniani. Yeye na mwenzake Carl Wilhelm Boeck walitoa kitabu mwaka 1847 kilichoueleza ugonjwa huu kwa umakini ambao haujawahi kuonekana kabla yake. Lakini Danielssen aliamini kwamba ukoma hurithiwa. Usimdharau. Alijidunga yeye mwenyewe majimaji ya vidonda vya wagonjwa, wafanyakazi wake nao wakadungwa, na hakuna aliyeugua. Ungekuwa wewe ungesema nini? Tena aliona katika nyumba moja baba mgonjwa, mtoto mgonjwa, shangazi mgonjwa. Mashahidi wote walielekea kwenye damu.

Hansen alikuwa kijana tu mbele ya mzee huyo, lakini alichukua daftari, akasafiri vijijini, akauliza nani alilala na nani, nani alifanya kazi kwa nani. Alianza kuona ugonjwa ukifuata watu wanaoishi pamoja kwa muda mrefu, wawe wa damu moja au wasiwe. Kisha akaketi kwenye hadubini. Tarehe 28 Februari 1873, katika majimaji aliyoyatoa kwenye uvimbe wa mgonjwa, aliona vijiti vidogo ambavyo havikupaswa kuwamo. Alivitangaza mwaka uliofuata, 1874, kwa tahadhari kubwa, bila kujitapa.

Nitakueleza kazi hiyo ilivyo, kwa sababu nimeifanya kwa mikono yangu. Unabana ncha ya sikio la mgonjwa kwa vidole viwili mpaka iwe nyeupe na damu ikimbie. Unachanja mchanjo mdogo kwa wembe safi, unageuza wembe, unakwangua kidogo, na kile kinyevu unakipaka kwenye kioo. Unakausha, unapitisha juu ya moto, unamwaga rangi nyekundu na kuipasha moto, unaosha kwa asidi, kisha unamalizia na rangi ya buluu. Ukitazama, kila kitu ni buluu isipokuwa vijiti vyekundu, na kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umemwenea utavikuta vimelala pamoja kama mzigo wa kuni. Sisi tulikuwa na rangi. Hansen siku ile hakuwa nayo. Aliviona vikiwa havina rangi kabisa, kwenye mwanga hafifu, na akathubutu kusema hivi ndivyo. Mimi kila nikikumbuka hilo namheshimu.

Mwaka huohuo alipatwa na msiba. Alikuwa amemwoa Stephanie Marie, binti wa Danielssen huyohuyo, Januari 1873, na kabla mwaka haujaisha mkewe akafa kwa kifua kikuu. Kijidudu cha kifua kikuu na cha ukoma ni wa jamii moja. Robert Koch alikuja kutangaza kile cha kifua kikuu mwaka 1882, akiwa amechelewa kwa binti yule.

Wengi hawakumwamini Hansen mara moja, kwa sababu hakuweza kukuza vijidudu vyake nje ya mwili wa mtu. Ndipo akatafuta ushahidi kwa njia nyingine, na hapa ndipo dada yako anapoingia. Wanorwe wengi walikuwa wamehamia Marekani, wakiwemo wenye ukoma. Mwaka 1888 Hansen alisafiri mpaka Minnesota na majimbo ya jirani, akawatafuta watoto na wajukuu wa wagonjwa hao shambani kwao. Kama ukoma ni wa damu, damu ilivuka bahari pamoja nao. Hakumkuta hata mmoja wa uzao wao aliyeugua. Basi wale wanaomnyamazia dada yako wangepata jibu lao huko Minnesota.

Sasa mambo ya nyumbani. Watu wengi mno miili yao hukishinda kijidudu hiki bila wao kujua. Kinachukua muda mrefu kuonekana, kwa kawaida kama miaka mitano, na wengine hata ishirini au zaidi, kwa hiyo msipoteze usingizi mkitafuta nani alimwambukiza babu. Dawa zake ni za bure: rifampisini, dapsoni na klofazimini, mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuupendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina ya ugonjwa. Mkojo wake utakuwa mwekundu siku ya dozi ya mwezi, na ngozi yaweza kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Mwambieni mapema asije akaogopa akaacha dawa. Akishaanza kuzimeza, haambukizi tena. Ale nanyi, alale nyumbani, abebe vitukuu.

Nyote mnaoishi naye mkapimwe ngozi mara moja. Kwa kuwa mmekaa naye kwa muda mrefu, ni busara kuwaangalia.

Kuhusu ule mguu: kidonda hakiponi kwa sababu babu hausikii. Ukoma hula neva, na mguu uliokufa ganzi hukanyaga msumari ukaendelea na safari. Kila jioni mwekee miguu kwenye beseni la maji ya kawaida kwa nusu saa, usiikaushe sana, ipake mafuta yoyote mliyo nayo jikoni, kisha wewe mwenyewe, kwa macho yako ya kijana, utafute mchubuko mpya. Lile jeraha lililo wazi mwachie muuguzi. Na apate viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani.

Kwa wale wa posa, wazee wenu wawaite waje waketi, na mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji awepo. Awaeleze yeye. Maneno ya mtu aliyevaa ile jaketi yao yana uzito ambao ya mwenye nyumba hayana.

*Sista, habari za kazi. Mume wangu ni mvuvi hapa Dunga. Mama mkwe amesikia kuna mtu wa ukoma upande wa Nyakach, akasema ni samaki waliooza, tusiwape watoto omena ya siku nyingi. Ni kweli? — Mama wa watoto wanne, Kisumu*

Mama, omena iliyooza usiwape watoto, wataendesha. Ukoma hawatapata. Mkwe wako hayuko peke yake lakini. Jonathan Hutchinson, daktari mkubwa wa London ambaye hata meno ya watoto waliozaliwa na kaswende huitwa kwa jina lake, alishikilia maisha yake yote kwamba ukoma hutokana na samaki wasiohifadhiwa vizuri. Alisafiri Afrika Kusini na India kutafuta ushahidi, na mwaka 1906 akatoa kitabu kizima juu yake, miaka thelathini na mitatu baada ya Hansen kuviona vile vijiti. Walimwonyesha watu wenye ukoma wasiogusa samaki kamwe, na bado hakukubali.

Sababu ya ubishi kudumu ni ileile niliyomweleza Mjukuu: kijidudu hiki kinakataa kukuzwa maabara. Mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kukiotesha kwenye chombo. Ilibidi kungoja mwaka 1960 ndipo kilipooteshwa kwenye nyayo za panya, na 1971 kwa mnyama wa Marekani mwenye magamba aitwaye armadilo. Kinapenda sehemu za mwili zenye ubaridi, ndiyo maana hushambulia ngozi, pua, masikio, mikono na miguu. Kwa kadiri tunavyojua hutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa asiyetibiwa, kwa watu wanaokaa naye karibu muda mrefu. Ngege na mbuta waachieni wavuvi wenu waendelee kuwaleta. Mpe mama mkwe salamu zangu, na umwambie kwa heshima.

*Sista, nasomea uuguzi Kakamega. Mwalimu alituambia Hansen alishtakiwa mahakamani kwa kumfanyia mgonjwa jaribio bila idhini. Kama ni kweli, mbona tunaendelea kuuita ugonjwa kwa jina lake kama vile ni shujaa? — Mwanafunzi*

Ni kweli, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu watu humsifu wakaruka ukurasa huu.

Mgonjwa huyo aliitwa Kari Nielsdatter, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu aliyelazwa katika mojawapo ya hospitali za Bergen. Alikuwa na ukoma wa aina inayoleta ganzi. Novemba 1879 Hansen alichukua kisu kidogo cha kutibia macho, akakipaka majimaji kutoka uvimbe wa mgonjwa mwingine mwenye aina ile ya vinundu, akamchoma nacho Kari kwenye utando wa jicho. Alitaka kuona kama aina ya pili itaota. Hakumweleza. Hakumwomba. Kari aliumia na akaogopa, akalalamika kwa kasisi wa hospitali, na kasisi hakulinyamazia.

Kesi ilisikilizwa Bergen mwaka 1880. Hansen hakukana. Alisema hakumwomba ruhusa kwa sababu alijua mgonjwa hataliona jaribio lile kama yeye anavyoliona. Soma sentensi hiyo tena, mwanangu, kwa sababu utaisikia siku moja wodini kwa maneno mengine. Alijua angekataliwa, ndiyo maana hakuuliza. Mahakama ilimwondoa katika kazi ya udaktari wa hospitali ile. Hata hivyo alibaki mganga mkuu wa ukoma wa nchi nzima mpaka kufa.

Ili uelewe alivyokuwa amebanwa, jua lililotokea mwaka huohuo wa 1879. Kijana wa Kijerumani, Albert Neisser, alimtembelea Bergen. Hansen alimkaribisha, akampa sampuli aende nazo. Neisser akafanikiwa kuvipaka rangi vile vijidudu, akaandika mwaka 1880 kana kwamba ugunduzi ni wake. Hansen alilazimika kuandika haraka kueleza alianza lini. Basi alikuwa mtu anayeona kazi ya maisha yake inachukuliwa na yeye hajapata uthibitisho wa mwisho. Naelewa haraka yake. Siielewi kama ruhusa. Jicho lilikuwa la Kari.

Na si Kari peke yake. Hansen alisukuma sheria za mwaka 1877 na 1885, na ile ya pili ilimtaka mgonjwa akae kwenye chumba chake peke yake nyumbani, na asipoweza apelekwe hospitali apende asipende. Wagonjwa wa Norwe walipungua kutoka 1,752 mwaka 1875 hadi 577 mwaka 1901, na mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu ukoma, uliofanyika Berlin mwaka 1897, ukaisifu njia ya Norwe. Sifa hiyo ilisafiri. Kutenga wagonjwa kukawa ndiyo desturi katika makoloni, na sisi watu wa Busia tunajua maana yake. Alupe, kwenye barabara ya kwenda Malaba, ambako sasa vijana wanasoma chuo kikuu, palikuwa mahali pa wenye ukoma, na ng'ambo ya mpaka, mji wa Kumi nchini Uganda kwa Wateso wenzetu, vilevile. Niliwauguza wazee walioingia Alupe wakiwa vijana na hawakurudi kwao tena, kwa sababu walipopona hapakuwa na anayewasubiri. Mzee mmoja alikuwa akinitajia mipaka ya shamba lake, mti kwa mti, shamba ambalo ndugu zake walishaligawana.

Papo hapo Alupe pakawa pia na Kituo cha Utafiti wa Ukoma cha Afrika Mashariki, kilichopewa jina la kumbukumbu la John Lowe. Lowe ni yule daktari aliyewatibu wagonjwa kwa vidonge vya dapsoni huko Uzuakoli, Nigeria. Dawa ndiyo iliyovunja uzio.

Sasa swali lako. Mimi naliacha jina lake likae kwenye kadi, kwa sababu limewaondolea wagonjwa wengi aibu ya neno ukoma, na kwa sababu alichokiona tarehe ile ya Februari ni kweli tupu. Lakini usilifundishe jina lake bila la Kari. Mimi wanafunzi wangu niliwafundisha yote mawili kwa pamoja, kisha nikawapeleka kwa mgonjwa. Kabla ya kubana sikio: unamwambia nini utafanya, kwa nini, kitauma kiasi gani, na kwamba akikataa bado atapewa dawa. Unangoja ajibu kwa mdomo wake. Kutikisa kichwa kwa mtu anayeogopa koti jeupe mimi sikuhesabu kuwa ni jibu. Foleni ikiwa ndefu, bado unangoja.

Hansen alifariki Februari 1912 huko Florø, akiwa safarini kukagua wagonjwa, na umri wa miaka sabini. Kari hakujengewa sanamu. Wewe mtaje.

*Sista, nina baka mgongoni, limefifia kuliko ngozi yangu, haliwashi. Kemia wamenipa mafuta ya tyubu ya mashilingi (choa) mara kadhaa, halitoki. Mke wangu amesoma ukurasa wako akaniambia nikuandikie. — Baba, Bondeni, Nakuru*

Baba, mkeo amefanya vyema. Baka lisilowasha laweza kuwa mambo mengi, na mengi ni madogo, kwa hiyo usihukumu kabla ya kupimwa. Mwombe mkeo achukue pamba, asokote ncha yake iwe nyembamba kama uzi, wewe ufumbe macho. Akuguse mara kwenye ngozi nzima, mara kwenye baka, bila mpangilio, na wewe uonyeshe kwa kidole kila unapoguswa. Ukishindwa kuonyesha anapogusa baka, usingoje mwisho wa mwezi.

Hata ukisikia vizuri, nenda, maana limekaa muda mrefu na dawa za mashilingi zimeshindwa. Ulizia kliniki ya kifua kikuu ya hospitali ya serikali iliyo karibu nawe. Usishtuke kuelekezwa huko. Kwetu Kenya kifua kikuu na ukoma vinahudumiwa na mpango mmoja, na huduma ya ukoma hailipiwi. Acha kupaka tyubu yoyote kuanzia leo ili wakaone baka lilivyo. Vua shati lote, wakukague mgongo mzima penye mwanga wa dirisha, na wakupapase nyuma ya viwiko na pembeni ya magoti kuona kama neva imenenepa. Wasipofanya hivyo, waombe. Kisha niandikie wamesema nini.